Mtoto anatoka wodini, anarudi kwenye moshi ule ule: barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Mwanza

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mganga Mkuu wa Mkoa, Wakurugenzi wa Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela na halmashauri zote za mkoa wetu, pamoja na waheshimiwa madiwani.

YAH: KUOMBA WATOTO WENYE PUMU WATEMBELEWE MAJUMBANI

Salaam nyingi. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Najua mafaili mezani kwenu ni mengi, kwa hiyo naanza na ombi lenyewe. Naomba wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliopo kwenye mitaa na vitongoji vyetu wapewe kazi moja zaidi, kwa mafunzo na kwa malipo: kuzifuata nyumbani familia za watoto wenye pumu, hasa wale waliotoka kulazwa au kuwekewa mashine ya mvuke usiku. Na zahanati iliyo nyuma ya mhudumu huyo iwe na pampu za kuvuta dawa, ya bluu ya kufungua kifua na ya kahawia ya kila siku, mwaka mzima. Ni hayo tu. Yanayofuata ni sababu zangu.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza wodi za watoto na vyumba vya dharura hapa Mwanza. Watoto wa pumu wanaletwa saa nane, saa tisa za usiku, mgongoni kwa mama, juu ya bodaboda, mabega yanapanda na kushuka, ngozi ya katikati ya mbavu inazama kila wanapovuta hewa. Mama hana hata nguvu ya kusema kilichotokea. Mtoto anawekewa mashine, anapewa dawa ya kupunguza uvimbe, unakaa naye mpaka kifua kinafunguka. Kulipokucha anaomba chai na andazi kama vile hakuna kilichopita. Mama anashukuru sana, anakabidhiwa cheti, anapanda daladala kurudi Igoma, Kitangiri au Buhongwa. Ikipita muda kidogo, saa ile ile ya usiku, namwona tena mlangoni.

Kuna watoto waliokuja mara nyingi hivi kwamba wauguzi wa zamu tuliwaita kwa majina ya utani. Watu wa nje wanaweza kuona ni upendo, na upendo ulikuwapo, lakini mtoto anayejulikana hivyo chumba cha dharura ni mtoto ambaye huduma yetu haijamfikia mahali anapougulia. Tunamtibu vizuri, kisha tunamrudisha kwenye moshi ule ule, ukuta ule ule wenye ukungu, kwa bibi yule yule anayeamini pampu inazoesha. Hapo tunatwanga maji kwenye kinu.

Nilipostaafu, kwa ruhusa ya mwenyekiti wa mtaa wangu, nilianza kupita kwenye nyumba za watoto hawa. Nyumba moja nitaieleza kwa kirefu maana ndani yake mlikuwa na karibu kila ninachotaka kusema.

Ipo kwenye mojawapo ya vilima vyetu vya mawe, juu kabisa, pale bodaboda inapokushusha na kukuambia malizia kwa miguu. Chumba kimoja na pazia katikati. Mama anakaanga samaki chini barabarani jioni, mwanawe yuko darasa la pili. Nyumba imejengwa ikaegemea jiwe kubwa, kama nyumba nyingi za huko, na mvua ikinyesha maji yanateremka kwenye jiwe na kupenya ukutani. Ukuta huo ulikuwa na ukungu mweusi kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno changu. Kitanda cha mtoto kilikuwa kimeusogelea kabisa, kichwa upande wa ukungu. Dirisha limezibwa kwa kiroba; mama akaniambia ni kwa ajili ya mbu, wezi, na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kwa mawingu. Chini ya kitanda kulikuwa na kibati chenye majivu ya dawa ya mbu ya kuchoma. Jiko la mkaa, likishamaliza kazi ya barabarani, linabebwa na makaa yake hadi ndani, linapikia ugali, halafu linaachwa pale pale lipashe joto chumba. Mlango unafungwa saa mbili.

Nikaomba kuziona dawa. Mama akashusha mfuko wa nailoni kutoka juu ya kabati. Mlikuwa na pampu mbili. Ya bluu, ile ya salbutamoli inayofungua kifua, ilikuwa imekwisha, lakini hakujua kama imekwisha kwa sababu ukibonyeza bado inatoa hewa. Pampu hiyo ina mabonyezo 200. Yakipita hayo, kinachotoka hakina dawa ya kutegemea. Usiku wa mwisho waliokwenda hospitali, alikuwa amembonyezea mtoto hewa. Ya kahawia, ile ya beklometasoni inayotuliza uvimbe ndani ya mirija ya hewa na ambayo mtoto anapaswa kuivuta kila siku hata akiwa mzima, ilikuwa kwenye boksi lake, haijafunguliwa. "Hiyo nimeiweka akizidiwa," akasema. Cheti kilikuwapo, kimekunjwa vizuri, na maelekezo yote yameandikwa kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa daktari.

Mama yule si mzembe. Ametunza cheti, ametunza dawa, ameuza samaki usiku ili zipatikane. Hakuna aliyekaa naye akamwonyesha. Na wodini tungemwonyesha nini? Kitanda chake hatukijui, jiko lake hatulijui, bibi yake hatumjui.

Tulichofanya pale ni kazi za mikono tu. Tuliwaita vijana wawili wa jirani, kitanda kikahamia upande wa mlango. Dawa ya mbu ya kuchoma ikaondoka. Chandarua chenye dawa alikuwa nacho, kimekunjwa sandukuni kwa sababu hapakuwa na pa kukifunga, tukapiga misumari. Kiroba cha dirishani kikatolewa, ukawekwa wavu wa mbu. Habari ya jiko ilichukua muda zaidi, maana ilimhusu baba mwenye nyumba. Nilimwomba mara ya kwanza akacheka. Mwenyekiti wa mtaa alipokuja naye akaomba, siku hiyo hiyo tukaruhusiwa kuweka bati mbili za zamani pembeni ya ukuta kwa nje, pakawa pa kupikia wapangaji wote. Sikumwambia mama aache kukaanga samaki. Ningemwambia hivyo, kesho yake asingenifungulia mlango, na angekuwa na haki.

Bibi wa mtoto huyo nilikaa naye peke yake. Hofu yake ilikuwa ile ninayoikuta nyumba nyingi: mtoto akianza pampu hataacha, mwili utaizoea, na pampu ni ya mtu anayekaribia kufa. Nilimweleza taratibu kwamba dawa ya kuvuta inakwenda moja kwa moja kifuani, ndiyo maana kipimo chake ni kidogo kuliko cha vidonge, na vidonge vya salbutamoli alivyokuwa akimnunulia mjukuu wake vinazunguka mwili mzima ndiyo maana mtoto anatetemeka mikono na moyo unamwenda mbio. Hakuniambia amekubali. Lakini nilipopita tena nilimkuta yeye ndiye anamkumbusha mjukuu kusukutua mdomo baada ya pampu ya kahawia.

Mtoto huyo hajapona. Pumu haiponi kwa kuhamisha kitanda, na mvua za vuli zikianza bado anabanwa. Ila sasa akibanwa usiku mama anajua la kufanya katika dakika za kwanza, anajua dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja: mtoto kushindwa kumaliza sentensi, midomo kubadilika rangi, pampu kutompa nafuu. Na usiku wa namna hiyo umekuwa adimu.

Waheshimiwa, mtaniuliza kama haya ni mawazo ya bibi mmoja aliyezoea kazi asiyetaka kupumzika. Sivyo. Wenzetu wa Marekani walishayapima. Kuanzia mwaka 2005 hospitali ya watoto ya Boston ilianza kuwatuma wauguzi na wahudumu wa jamii majumbani kwa watoto wa pumu kutoka mitaa maskini. Baada ya mwaka mmoja, watoto waliokimbizwa dharura walipungua kwa asilimia 68 na waliolazwa kwa asilimia 85. Mwaka 2008 jopo la wataalamu wa afya ya jamii la nchi hiyo lilipitia tafiti nyingi za aina hii na kupendekeza rasmi ziara za nyumbani kwa watoto na vijana wenye pumu. Kwa wastani, mtoto alipata nafuu ya siku 21 za dalili kwa mwaka, na siku 12 zaidi za kuhudhuria shule. Jopo hilo lilikokotoa pia kwamba kila dola iliyotumika ilileta faida ya kati ya dola 5.3 na 14.

Sitaki mzichukue namba hizo nzima nzima mkazibandike kwenye makisio yetu. Kule kitanda cha hospitali ni ghali mno, kwa hiyo akiba inaonekana kubwa. Tena watoto wa Boston walichaguliwa wakiwa katika hali mbaya, na mtu akiwa katika hali mbaya kabisa mara nyingi hupata nafuu kidogo hata usipomfanyia lolote. Na vitu walivyopeleka majumbani, mashine za kunyonya vumbi kwenye mazulia, vifuniko maalumu vya magodoro, wataalamu wa kuua mende, vingi havituhusu. Sisi tuna koroboi, mkaa, kuni za mvua, dawa ya mbu ya kuchoma, udi, takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba kila jioni, vumbi la barabara zisizo na lami miezi ya kiangazi. Kina mama wa Kirumba, Igombe na Kayenze wanaokausha samaki kwa moshi wanao watoto wao mgongoni wakati wa kazi. Na wale wadudu wa ziwani nao: Sudani, kando ya Nile, madaktari walikwishathibitisha zamani kwamba jamii ya wadudu hao huamsha pumu. Hapa kwetu ni kina mama tu ndio wanaolisema, na taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR Mwanza, na chuo kikuu cha afya pale Bugando wangetusaidia sana wakilifuatilia. Tunachoweza kuazima kutoka Boston ni miguu: mtu anayejulikana mtaani, anayebisha hodi, anayerudi tena.

Miguu hiyo tunayo. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano, hesabu ya wawili kwa kila mtaa na kila kitongoji. Na mkoa huu haujifunzi kutembelea wagonjwa leo. Wakati wa miaka migumu ya UKIMWI, wahudumu wa majumbani ndio waliowabeba wagonjwa wetu kabla dawa hazijaenea, na baadaye ndio waliowafuata walioacha dawa. Kifua kikuu tunakifuata hivyo hivyo mpaka leo. Mama wa Mkuyuni au Butimba hashangai akimwona mhudumu mlangoni. Anashangaa tu kwamba kwa mtoto wake wa pumu hajaja.

Sehemu moja naomba Mganga Mkuu wa Mkoa aiangalie kwa jicho la kitaalamu. Mhudumu wa jamii, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO), anafundishwa kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Mwongozo huo umeokoa maisha mengi na sitaki uguswe. Lakini mtoto aliyebanwa na pumu naye anahema haraka. Nimekutana na watoto walioandikiwa nimonia mara tano, mara sita, kila mara antibiotiki, mpaka mama anajua dozi ya amoksilini kuliko muuza dawa. Hakuna mtu aliyekaa akazipanga karatasi hizo zote mezani na kujiuliza kwa nini nimonia inamfuata mtoto huyu kila mvua zinapoanza, kila usiku, na kwa nini kifua chake kinapiga mluzi. Mhudumu anayekwenda nyumbani ndiye anayeweza kuziona karatasi zote kwa pamoja. Afundishwe maswali machache tu ya kuuliza na ajue pa kumpeleka mtoto akapimwe. Kuitambua pumu ni kazi ya daktari. Kuishuku ni kazi ambayo mhudumu anaiweza.

Nije kwenye pampu, maana bila pampu barua hii yote ni hadithi. WHO inaiweka pampu ya bluu, pamoja na pampu ya kutuliza uvimbe ya jamii ya ile ya kahawia, kwenye orodha ya dawa muhimu, na inakadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000 duniani, wengi wao katika nchi za kipato kama chetu. Watu hawa hawakufa kwa kuwa dawa haijagunduliwa. Nawaomba Waganga Wakuu wa Wilaya mchukue oda ambazo zahanati na vituo vyenu vilipeleka Bohari ya Dawa mwaka uliopita, mtafute pampu ya kahawia. Mtakapoona ni vituo vingapi vilivyoiagiza, mtajua kwa nini akina mama wananunua vidonge.

Halafu kuna spesa, kile chombo cha kupokelea dawa. Mtoto mdogo hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Dawa inaishia kwenye ulimi na kooni. Spesa za dukani zipo lakini ni ghali. Afrika Kusini walilimaliza jambo hili zamani: mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa vizuri, inamsaidia mtoto aliyebanwa sawa na spesa ya kununua. Ninazitengeneza mwenyewe. Unachukua waya mnene, unaukunja ufuate umbo la mdomo wa pampu, unaupasha kwenye makaa, unautia kitakoni mwa chupa. Plastiki inayeyuka na kuacha tundu ambalo pampu inaingia ikabana. Mdomo wa chupa ndio mtoto anauweka kinywani. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe, usiifute kwa kitambaa, maana ukifuta dawa itang'ang'ania kwenye plastiki. Kisha: tikisa pampu, bonyeza mara moja, mtoto apumue taratibu mara tano au sita, tikisa tena, bonyeza mara ya pili. Kwa wale wadogo zaidi inahitajika barakoa ya kufunika pua na mdomo, na hiyo ndiyo ningependa inunuliwe.

Nimefundisha hivyo kibarazani kwa mwenyekiti, kina mama wamekaa kwenye mkeka, kila mmoja na chupa yake. Kila mara kuna mmoja anayeuliza kwa nini hospitali hawakumwambia. Namjibu kwamba usiku ule hapakuwa na nafasi, na ni kweli hapakuwa na nafasi: muuguzi mmoja, foleni ya watoto, mama mwenyewe kichwa hakipo. Elimu inayotolewa kwa mtu aliyekesha akisikiliza mwanawe akikosa hewa haikai. Inakaa siku ya tatu au ya nne, nyumbani, mtoto akiwa anacheza nje.

Kuhusu gharama kwa familia, sera yetu inamtibu bure mtoto wa chini ya miaka 5. Watoto wengi ninaowafuata wako darasa la kwanza hadi la nne. Yaani dawa ya kila siku inakuwa ya kununua pale pale mtoto anapoanza shule. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023. Nawaomba mtumie sauti zenu huko juu ili pampu ya kahawia ipatikane kwa bima hadi ngazi ya zahanati, isiwe dawa ya hospitali kubwa tu.

Shule sitazisema sana, ila kuna jambo dogo lisilohitaji hata shilingi. Kila asubuhi watoto wetu wanafagia uwanja wa shule, vumbi linafika madirishani. Mtoto wa pumu apewe kumwagilia maua. Mwalimu wa darasa ajue pampu iko kwenye begi na asimnyang'anye akidhani ni mchezo.

Visiwa ndivyo vinavyonikosesha usingizi kuliko mitaa ya mjini. Mtoto wa Mabatini akizidiwa usiku, bodaboda ipo na hospitali ya rufaa haiko mbali. Mtoto wa Ukara akizidiwa saa saba, vivuko vimelala. Kwa familia ya kisiwani, pampu nzima na mtu aliyewahi kuwaonyesha kuitumia ndiyo hospitali yao mpaka alfajiri. Nikiulizwa mpango huu uanzie wapi, nusu ya jibu langu ni Ukerewe, hata kama takwimu zitaonesha wagonjwa wengi zaidi wako Nyamagana. Anayekaa karibu na oksijeni anaweza kungoja kidogo.

Nusu nyingine ya jibu ni mitaa michache ya milimani na ile iliyo karibu na soko la samaki. Utaratibu wenyewe usiwe mzito. Mtoto akitoka kulazwa au kuwekewa mashine, muuguzi wa zamu anaandika jina la mtaa na namba ya simu ya mzazi, ujumbe unakwenda zahanati ya karibu, mhudumu anabisha hodi ndani ya wiki moja. Arudi baada ya mwezi, kisha mwanzo wa mvua. Asiende na fomu ya kurasa kumi. Aangalie mtoto analala wapi, moto uko wapi, pampu zina nini, nani ndani ya nyumba anaamua. Abadilishe jambo moja au mawili ambayo familia yenyewe imekubali. Akikuta mtoto anabanwa mara kwa mara licha ya hayo yote, ampeleke kwa daktari. Na mpime kwa kitu rahisi: mtoto huyu amerudi dharura mara ngapi ukilinganisha na mwaka jana, na amekosa shule siku ngapi. Mkiona hakuna tofauti, mpango ufungwe. Mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kusema.

Moshi wa jikoni mnao tayari kwenye mipango yenu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mitungi ya gesi inapogawiwa kwenye mikutano, mara nyingi anaipata aliyewahi kufika uwanjani. Mhudumu anayetembelea nyumba za pumu atawapa orodha ya mahali ambapo mtungi mmoja unapunguza usiku wa kukimbizana. Anzeni na hao. Na msisahau kwamba mtungi ukiisha gesi mama anarudi kwenye mkaa anaonunua kwa kopo. Mtungi mdogo anaoweza kumudu kuujaza unamfaa kuliko mkubwa wa kupigiwa picha.

Nawaombea na wahudumu wenyewe. Mnawapa chanjo, lishe, wajawazito, kifua kikuu, malaria, usafi wa vyoo, na sasa mimi naongeza pumu. Wengine wanapanda milima ile kwa kandambili. Posho ifike kwa wakati, mafunzo yawe ya vitendo na pampu mkononi, na pawepo muuguzi mmoja kila kata wa kumpigia simu anapokwama. Kama hayo hayawezekani, ni afadhali pumu isiongezwe kabisa kuliko kuwabebesha jina la kazi bila kazi yenyewe.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na makisio yanaanza kupikwa mapema. Waheshimiwa madiwani, mtakapoletewa bajeti ya afya, ulizeni pumu ya watoto iko kifungu gani. Mkijibiwa kwamba imo ndani ya magonjwa yasiyoambukiza, ombeni muonyeshwe shilingi. Wakurugenzi, natarajia majibu yenu kupitia ofisi ya mtendaji wa kata yangu, ambaye ana nakala ya barua hii pamoja na spesa tatu za chupa zilizomo kwenye bahasha. Zioneni, zishikeni, mzijaribu na wajukuu zenu.

Kufundisha nitafundisha bila posho. Nitakachodai ni nauli ya kivuko kwenda Ukerewe, kwa kuwa magoti haya hayataki tena kupanda mawe lakini kukaa kwenye benchi la kivuko bado yanaweza.

Wenu katika kazi,

Muuguzi mstaafu,
Nyamagana, Mwanza.

Nakala: Wizara ya Afya; OR-TAMISEMI; mwenyekiti wa mtaa wangu, aliyezipata zile bati mbili.